ELIMU KWA MKAZI: UNAPOHAMA, USIMWACHE NYUMA PAKA WALA MBWA WAKO

Wakazi wa Wilaya ya Kilwa huhama kwa sababu nyingi. Mtumishi hupangiwa kituo kipya, mvuvi huenda dago, mkulima hujenga nyumba karibu na barabara kuu. Wengine hawakuchagua kuhama: walitolewa na mafuriko ya Januari 2020, au na mvua za Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Katika pilikapilika hizo vyombo hupakiwa na watoto huhesabiwa, lakini paka na mbwa aghalabu husahaulika. Somo la toleo hili linawahusu hao.

Kwa nini jambo hili ni la kata nzima?

Mbwa aliyeachwa hana wa kumlisha wala wa kumpeleka kwenye chanjo. Huzurura jalalani, hupigana na mbwa wengine, na akiambukizwa kichaa cha mbwa huwa hatari kwa watoto wa majirani. Ugonjwa huo, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kudhibiti kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2010 chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wapate chanjo ili maambukizi yakatike. Kila mbwa anayetelekezwa huturudisha nyuma.

Kabla ya kuhama

Mpeleke mnyama kwa Afisa Mifugo wa kata mwezi mmoja kabla ya safari, kwa kuwa chanjo huhitaji majuma kadhaa kujenga kinga. Mbwa na paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu. Tunza kadi ya chanjo pamoja na nyaraka zako nyingine. Ikiwa unavuka kwenda wilaya au mkoa mwingine, uliza mapema kuhusu kibali cha kusafirisha wanyama.

Siku ya kupakia, mfungie paka katika chumba kimoja tangu alfajiri. Kelele za wapakiaji humtorosha, na gari haliwezi kumsubiri.

Safarini

Tumia tenga imara au boksi lenye matundu ya hewa. Usimtie mnyama ndani ya kiroba, wala usimfungie kwenye buti la gari. Joto la pwani humuua kwa muda mfupi. Mpe chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka, na maji kila mnaposimama. Katika mashua, weka tenga kivulini na ulifunge lisiteleze. Mbwa ashikwe kamba na mtu anayemzoea.

Majuma ya kwanza

Paka huitambua nyumba kwa harufu, ikiwamo ile anayoiacha yeye mwenyewe anapojisugua kwenye miimo ya milango. Katika nyumba mpya harufu hiyo haipo. Ndiyo sababu hujificha, hukataa chakula na hutafuta njia ya kurudi alikotoka. Mwandalie chumba kimoja chenye chakula, maji, karai la mchanga na mkeka aliozoea kulalia, ambao haujafuliwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka, jembe na lisubiri majuma mawili hadi matatu. Mara ya kwanza mtoe nje kabla ya kumlisha, ili njaa imrudishe. Akitoweka, anza kumtafuta kwenye nyumba ya zamani, na umwombe mpangaji mpya asimlishe bali akujulishe.

Mbwa huwafuata watu kuliko nyumba, hata hivyo naye huingiwa na hofu. Mzungushe mipaka ya kiwanja kwa kamba, asubuhi na jioni, kwa juma zima. Mlishe saa zilezile za awali. Wajulishe majirani kwamba una mbwa aliyechanjwa, na kwa heshima yao asifike barazani kwao wala njia ya msikitini.

Kuku nao wafungiwe bandani siku tatu au nne, wajue pa kurudi jioni.

Mafuriko yakija ghafla

Okoa watu kwanza. Usipoweza kuwachukua wanyama, fungua kamba na milango ya mabanda. Mbwa aliyefungwa hawezi kuogelea. Rudi kuwatafuta pale tu eneo litakapotangazwa kuwa salama.

Mtu akiumwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Toa taarifa pia kwa Afisa Mifugo.

Ndugu mkazi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki amtunze mnyama wake. Ukishindwa kabisa kuhama naye, mkabidhi kwa mtu aliyekubali kwa hiari kumlea, pamoja na kadi yake ya chanjo, kisha mjulishe Afisa Mifugo. Ukifika makao mapya, jitambulishe kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa na umtaje mnyama wako, ili asikose chanjo ijayo.