SANDUKU LA BABU NA BEI YA VIBONZO

Mimi ni buheri wa afya, ila mfuko ndio mgonjwa. Na ni kwa sababu ya ugonjwa huo wa mfuko ndipo nilipojifunza haya ninayotaka kuwafunza leo, yaani jinsi ya kujua kama vitabu vya zamani vya vibonzo vilivyo nyumbani kwenu ni mali au ni karatasi za kufungia maandazi.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa kwanza baba alikuwa na deni langu la shilingi 7,800, nyingi zikiwa za chakula cha mchana. Wengi husema ati shule ya kutwa ni ya bure tangu mwaka wa 2008, lakini sufuria ya githeri haijui habari hiyo. Jioni moja baba akakumbuka sanduku la bati la marehemu babu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpenzi mkubwa wa vibonzo. Muuzaji wa vitabu vya mtumba karibu na stendi ya matatu alikuwa tayari kutoa shilingi 1,500 kwa sanduku zima, bila hata kulifungua. Baba akasema, "Mama, tuuze tu. Mende watalimaliza."

Nyanya akanyamaza kwa muda, kisha akajibu, "Sanduku ni la mume wangu. Likitoka hapa, litoke kwa bei yake. Bei yake ni ngapi?"

Hakuna aliyeweza kujibu. Nyanya akanigeukia, "Wewe mjukuu wangu ndiwe msomi. Nakupa wiki mbili. Niambie bei."

Basi ndugu msomaji, nikavuta sanduku hadi chini ya dirisha, nikafanya jambo la kwanza ambalo kila mtu anapaswa kulifanya: nikahesabu na kuandika. Usiseme tu "nina vibonzo vingi." Chukua daftari, piga mistari, andika jina la kila kitabu, nambari ya toleo, mwaka, na kampuni iliyochapa. Habari hizi huwa kwa maandishi madogo sana chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada, mahali ambapo msomaji wa kawaida hapatazami kamwe. Mimi nilipata vitabu 63: African Film 19, gazeti la Joe 11, Pichadithi 4, vile vidogo vya vita viitwavyo Commando kutoka Uingereza 14, Archie 9, Tintin 2, vya Superman 3, na kimoja kikubwa ajabu kilichokuwa chini kabisa, hakina jalada gumu, kimefungwa kwa gazeti.

Nilipokifungua hicho cha mwisho, moyo ulinipasuka paa! Mtu mwenye joho jekundu ameinua gari la kijani kibichi juu ya kichwa chake na watu wanatoroka. Juu imeandikwa Action Comics, nambari 1, Juni 1938, senti 10 za Marekani.

Nikaazima simu ya dada yangu. Kumbe hicho ndicho kitabu ambamo Superman alionekana mara ya kwanza! Inakadiriwa kwamba nakala kama laki mbili zilichapwa, na zilizobaki duniani ni kama mia moja tu. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2024 nakala moja iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola milioni 6. Piga hesabu kwa shilingi 130 kwa kila dola, utapata shilingi milioni 780. Tena nikasoma kwamba ndugu watatu wa California walikuta kitabu cha Superman nambari 1, cha mwaka wa 1939, katika boksi la marehemu mama yao darini, nacho kikauzwa Novemba 2025 kwa zaidi ya dola milioni 9. Boksi la marehemu! Kama letu! Usiku huo sikulala. Nilikuwa nimeshalipia darasa zima chakula cha mchana hadi Kidato cha Nne, na kumjengea nyanya nyumba ya mawe yenye veranda.

Asubuhi nikamnong'onezea mwenzangu wa dawati. Yeye ni mtu wa Fizikia, hapendi ndoto. Akaniuliza, "Umekipima?" Nikamwambia, kupima kwa nini, ni kitabu si kitambaa. Akasema kitu chochote cha kale huwa na kipimo chake. Nikasoma zaidi, nikaona kuwa vibonzo vya Marekani vya miaka hiyo vilikuwa na upana wa karibu sentimita 20 na urefu wa sentimita 26 hivi. Nikarudi nyumbani mbio na rula yangu ya sentimita 30. Nikaiweka kando ya kitabu. Rula ikaisha kabla ya kitabu kuisha.

Nikakaa chini. Maelezo ni haya: mwaka wa 1974 kampuni ileile ilikichapa kitabu hicho upya, kila ukurasa kama ulivyokuwa, hata matangazo ya biashara, lakini kwa umbo kubwa la sentimita 25 kwa 34. Juu yake wakaweka jalada la pili, lililoandikwa Famous First Edition, ili mtu asidanganyike. Jalada hilo la nje likitoka, kinachobaki kinafanana na kile cha mwaka wa 1938 kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa ukubwa. Wapo walaghai ambao hulitoa makusudi. Babu hakuwa mlaghai. Nyanya alisema kuwa kitabu kile kilitoka kwa mwalimu Mmarekani aliyefundisha naye miaka ya sabini, na kilipofika tayari kilikuwa uchi. Kwa hivyo shilingi milioni 780 zikaenda zao, na veranda ya nyanya pia. Lakini somo nililipata: kabla ya kusherehekea, tafuta kama kitabu ni cha kuchapwa mara ya kwanza au ni cha kuchapwa upya, na usiamini macho peke yake mahali ambapo rula ipo.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ya pili tu, kabla sijasoma lolote, niliona African Film mbili zimepasuka mgongoni. Kwa kiherehere changu nikazibandika vizuri kwa selotepu inayong'aa. Nilijisifu sana. Kumbe niliziharibu! Wanaokusanya vibonzo wanapendelea mpasuko kuliko selotepu, kwa sababu gundi hugeuka manjano, huingia ndani ya karatasi, na haitoki bila kung'oa wino. Kwa hivyo, ikiwa kitabu cha zamani kimepasuka, kiache kilivyo. Usisugue uchafu kwa kitambaa chenye maji, wala usinyooshe mikunjo kwa pasi. Usianike juani pia, maana jua huila rangi, na karatasi za bei nafuu ambazo hutumiwa kuchapa magazeti hugeuka kahawia zenyewe kwa asidi iliyomo ndani, sembuse zikisaidiwa na jua na joto.

Hali ya kitabu ndiyo karibu kila kitu. Huko Marekani kuna kampuni, kama ile ya CGC iliyoanza kazi mwaka wa 2000, ambazo hukagua kitabu na kukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, halafu hukifunga ndani ya plastiki ngumu. Ile nakala ya dola milioni 6 ilipata 8.5. Wakaguzi hao ni kama mwalimu wetu wa insha anavyowinda makosa ya tahajia. Wanatazama pembe zimejikunja au la, pini za mgongoni zimepata kutu, kurasa zote zipo, rangi haijafifia, na hakuna mtu aliyekata kuponi wala kujaza mchezo wa maneno kwa kalamu. Vitabu viwili vya jina moja na tarehe moja vinaweza kupishana bei mara mia kwa sababu ya mambo hayo tu. Nikatazama vya babu tena: kutu, alama za meno ya mende, na katika kila jalada jina lake kamili pamoja na tarehe ya kununua, kwa wino wa buluu. Kwa wakaguzi hao, jina la mwenye kitabu kwenye jalada ni dosari. Nilipomweleza nyanya hivyo, aliniangalia kana kwamba nimetukana.

Wengi wetu tunafikiri kuwa uzee ndio huleta bei. La hasha! Kitabu kinaweza kuwa na umri wa miaka mingi na kisipate mtu wa kukitaka. Bei huja pale ambapo wanaokitaka ni wengi na nakala zilizobaki ni chache. Vibonzo vya miaka ya 1930 na 1940 viliadimika kwa sababu watoto walivisoma hadi vikachanika, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita. Sasa linganisha na mwaka wa 1992, Superman alipouawa katika toleo la 75. Watu walipiga foleni madukani. Wengine walinunua nakala tano tano wakazifungia kwenye mifuko bila kusoma, wakitumaini kusomeshea watoto. Mwaka wa 1991 X-Men nambari 1 ilikuwa imechapwa zaidi ya nakala milioni nane! Kwa kuwa kila mtu aliweka akiba, hakuna kilichoadimika, na leo nakala za kawaida huuzwa kwa bei ya chini sana.

Bei yenyewe tutaijuaje? Kwa vibonzo vya Marekani kipo kitabu cha bei cha Overstreet, kilichoanza kutolewa mwaka wa 1970, nacho huonyesha bei tofauti za kitabu kimoja kulingana na hali yake. Bei hizo ni mwongozo tu, kwa maana muuzaji wa dukani hawezi kukununulia kwa bei ile, yeye pia ana kodi ya kulipa. Njia nyingine ni kutazama minada ya intaneti. Hapa fungua macho, msomaji. Bei anayoitisha muuzaji si bei ya kitu. Hata mimi naweza kuitisha milioni kwa soksi zangu. Tafuta orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, uone mnunuzi alitoa ngapi kweli, na si mara moja, bali mara kadhaa. Halafu toa gharama ya posta hadi ng'ambo. Nilipotazama hivyo vitabu vitatu vya Superman vya babu, vilivyoliwa na mende, niliona kuvituma Marekani vikakaguliwe kungegharimu kuliko bei yake.

Waama, kilichonishangaza ni vya kwetu. African Film haikuchorwa bali ilipigwa picha. Ilitolewa na kampuni ya gazeti la Drum, na shujaa wake, mpelelezi Lance Spearman, alijulikana kuanzia hapa kwetu hadi Nigeria na Ghana mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini. Joe ilianzishwa mwaka wa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, ikaisha mwaka wa 1979. Pichadithi za miaka ya themanini, ambazo ni ngano zetu kwa picha, huyo huyo Hirst alishiriki kuzitengeneza. Kwa hizi hakuna kitabu cha bei. Ukiuliza sokoni, utaambiwa bei ya kilo ya karatasi. Na bado wapo wasomi wa vyuo vikuu wanaozitafuta kwa udi na uvumba, kwa sababu nakala nyingi zilikwisha kufungia sukari na njugu. Kwa hivyo nikaandika katika daftari, mbele ya jina la kila moja: "Bei haijulikani. Isiuzwe kwa haraka."

Wiki mbili zilipoisha nilimsomea nyanya daftari lote, baba akisikiliza mlangoni. Tulipeleka kwa yule muuzaji vile ambavyo havina uadimu na ambavyo wasomaji hununua kila siku. Archie 9 kwa shilingi 100 kila moja, Commando 14 kwa 80, na Tintin 2 kwa 350. Jumla ni shilingi 2,720, kwa vitabu 25 tu. Yeye alikuwa ametaka vyote 63 kwa 1,500! Alicheka akaniambia, "Kijana, wewe umekuja na daftari, wengine huja na gunia." Hakukasirika. Deni lililobaki ni shilingi 5,080, nalo baba analipa kidogo kidogo. Alinuna siku mbili, lakini siku ya tatu nilimkuta ameketi juu ya ndoo anasoma Spearman, chai imepoa.

Vile 38 vilivyobaki vimelazwa ndani ya sanduku, kila kimoja katika bahasha ya karatasi, juu ya matofali mawili ili unyevu na mchwa wasifike. Ile ya mwaka wa 1974 nyanya ameiweka juu kabisa, kwa sababu anapenda gari la kijani.

Katika Joe tunakosa matoleo mengi sana. Ikiwa kwenu yapo, chini ya godoro au juu ya kabati, tafadhali usibandike selotepu. Niletee nione. Nipo Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha lililovunjika, na daftari ninalo.