Kufundisha Dalili na Chanzo: Somo la Namba za Hitilafu katika Magari ya Zamani

Miongoni mwa mambo yaliyo magumu kumfundisha mtoto wa shule ya msingi ni tofauti iliyopo kati ya dalili ya jambo na chanzo chake. Homa huitwa ugonjwa, na taa ya injini iwakapo kwenye dashibodi ya gari husemwa mara moja kwamba kifaa fulani kimekufa na kinunuliwe kingine. Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi namba za hitilafu za magari ya zamani ziwezavyo kutumiwa katika somo la sayansi, Darasa la Sita au la Saba, ili mwanafunzi azoee kuuliza swali moja zaidi kabla ya kutoa hukumu. Somo hili halihitaji gari. Lahitaji betri mbili za tochi, balbu yake, vipande vya waya na kipande cha bati la kopo cha kufanyia swichi.

Mwalimu hana budi kulijua jambo kabla ya kulifundisha, kwa hiyo tuanze na gari lenyewe. Tuchukue Toyota ya petroli ya mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama vile Corolla, kwani magari ya namna hiyo yaliingia kwa wingi katika Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Katika injini hiyo kiasi cha petroli huamuliwa na kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya gari. Kompyuta haioni wala haigusi kitu. Hupokea habari kwa nyaya kutoka kwa vipimo vidogo ambavyo mafundi huviita sensa: kimoja hupima joto la maji ya injini, kingine mkao wa kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta, na kadhalika. (Neno sensa lifafanuliwe mapema, la sivyo nusu ya darasa watafikiri tunazungumzia kuhesabiwa kwa watu.) Habari ikifika isiyowezekana, kompyuta huweka namba katika kumbukumbu yake na, kwa hitilafu nyingi, huwasha taa ya injini.

Katika magari ya kuanzia mwaka 1996 nchini Marekani, na yale ya petroli katika Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, sheria ilitaka namba hizo zisomwe kwa chombo cha aina moja kwa magari yote. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Namba 22 katika Toyota tunayoizungumzia yahusu joto la maji. Katika magari mengi ya General Motors ya wakati huo namba hiyohiyo yahusu kilango cha hewa. Namba pasipo jina la gari haina maana.

Toyota hiyo husema kwa kukonyeza taa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi huunganisha kwa waya matundu mawili, TE1 na E1, kisha hufungua ufunguo bila kuwasha injini. Kama hakuna hitilafu iliyohifadhiwa, taa hukonyeza mfululizo, haraka na kwa usawa. Kama ipo, taa huhesabu tarakimu ya kwanza, hutulia sekunde 1.5, huhesabu tarakimu ya pili. Kabla ya namba nyingine hutulia sekunde 2.5, na zikiisha zote hutulia sekunde 4.5 ndipo irudie. Namba ndogo hutangulia.

Hapa ndipo penye utajiri wa somo. Tuseme gari limehifadhi namba mbili, 22 na 41. Mwanafunzi asiyepima vituo atasikia tu mbili, mbili, nne, moja, mbili, mbili, nne, moja. Akianza kuandika katikati ya mzunguko, atapata 24 na 12. Nazo ni namba halali: ya kwanza yahusu joto la hewa iingiayo katika injini, ya pili yahusu ishara ya mzunguko wa injini. Hakukosea kuhesabu hata mkonyezo mmoja, lakini amepata habari ya gari lingine kabisa. Mwalimu na akonyeze balbu yake hivyo, wanafunzi waandike bila kushauriana, kisha majibu yote yaandikwe ubaoni, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi. Asiwaambie urefu wa vituo mapema. Wakiachiwa wabishane, wenyewe watagundua kwamba kimya nacho ni sehemu ya ujumbe, na kwamba yafaa kungoja kimya kirefu kuliko vyote ndipo uanze kuandika.

Baada ya kusoma ndipo ije maana. Namba 22 haisemi kwamba injini ina joto kali, na wala haisemi kwamba sensa ya joto imekufa. Yasema kwamba habari iliyofika kwa waya huo haiwezekani. Sensa ya joto la maji huzuia umeme kwa kiasi kinachobadilika: maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi ukinzani wake ni kama omu 2,000 hadi 3,000, na yakifika nyuzi 80 hushuka hadi kati ya omu 200 na 400. Waya ukikatwa na panya, kompyuta huona ukinzani usio na mwisho, kana kwamba maji yana baridi isiyopatikana duniani. Plagi ya waya ikiota kutu yaweza kuleta hali kama hiyo. Sensa ikivunjika ndani, hali ni hiyohiyo. Vyanzo vitatu, namba moja. Fundi mwangalifu hupima sensa kwa mita, hutazama plagi na kufuata waya, ndipo aseme. Mwenye gari aliyenunua sensa mpya kwa sababu ya namba peke yake, huku waya ukiwa umekatika, amepoteza fedha na taa itarudi kuwaka.

Kwa watoto maelezo ya omu hayatatosha, nasi twapendekeza mchezo. Mwalimu aketi akiwa ameyapa mgongo madarasa, awe Mwalimu Mkuu katika ofisi isiyo na dirisha. Kiranja wa kila darasa amletee idadi ya waliohudhuria ili ajue kiasi cha uji wa kupikwa. Darasa lina viti 45. Kiranja akileta idadi ya 400, Mwalimu Mkuu atajua kuna hitilafu na ataandika jina la darasa hilo katika daftari. Lakini je, amejua nini? Pengine kiranja hajui kuhesabu, pengine aliyetumwa njiani alisahau, pengine karatasi imeloa. Amejua mahali pa kwenda kutazama, basi. Hata hivyo uji hauna budi kupikwa, kwa hiyo ataamuru upikwe kama wa siku ya kawaida. Kompyuta ya Toyota hufanya vivyo hivyo: ikikosa habari ya joto, katika injini nyingi za wakati huo huchukulia kwamba maji yana nyuzi 80 na gari huendelea kwenda. Kisha mwalimu amnong'oneze kiranja mmoja alete uongo unaowezekana, 38 badala ya 43. Daftari litabaki tupu. Darasa lipewe muda wa kutosha kulifikiria hilo.

Twaongeza neno kwa ajili ya mwalimu mwenyewe, kwa kuwa jambo hili liko katika kazi yake kila siku. Mtoto aandikapo kwamba 31 kutoa 17 ni 26, kosa hilo ni namba ya hitilafu. Yawezekana hajui kukopa, akatoa 1 katika 7 kwa sababu ndivyo iwezekanavyo. Yawezekana pia alinakili jibu la jirani. Alama ya mkasi katika daftari haitofautishi haya mawili. Kumwomba akokotoe tena kwa sauti hutofautisha.

Matahadhari ni machache. Wanafunzi wasiruhusiwe kuingiza waya katika gari la mtu yeyote: katika kisanduku tulichokitaja limo pia tundu lenye umeme wa betri, na kuliunganisha na E1 huweza kuunguza fyuzi au nyaya. Vilevile wajue kwamba fundi hufuta namba kwa kuchomoa fyuzi iitwayo EFI kwa muda mfupi, ufunguo ukiwa umefungwa. Kuifuta namba hakutengenezi kitu.

Kwa zoezi la mwisho twashauri swali hili: gari lilichemsha njiani hadi mvuke ukatoka kwenye radieta, lakini fundi aliposoma taa hakuikuta namba 22. Je, kompyuta ni mbovu? Mwanafunzi atakayejibu kwamba sensa ilileta habari ya kweli na inayowezekana, kwa hiyo kompyuta haikuwa na hitilafu ya kuandika, apewe alama zote. Atakayejibu kwamba ni mbovu asikatwe alama kabla hajaulizwa amefikaje hapo.