Kutofungamana na upande wowote: gharama yake ilikuwa nini?

Ndugu msomaji, wengi wetu neno "kutofungamana" tulilikariri shuleni kama jibu la mtihani. Hatukuuliza msimamo ule uligharimu nini.

Tuanze na Wajerumani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na ubalozi wake ukafunguliwa Unguja. Aprili ukaja Muungano. Ujerumani Magharibi, mfadhili wa Bara, ilikuwa na kanuni ya kutoshirikiana na nchi zinazoitambua hasimu wake, hivyo ikataka ubalozi ule ufungwe. Uamuzi wa Mwalimu Nyerere haukumridhisha yeyote: ubalozi wa Unguja uondoke, lakini Ujerumani Mashariki ipewe konseli kuu Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi. Februari 1965 serikali ya Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akaitaka iondoe na misaada yake mingine. Fikiria, nchi changa na masikini!

Desemba mwaka huohuo alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Yapo mengi ambayo Waislamu tunayahoji kuhusu utawala wake. Hata hivyo, uadilifu unatutaka tumshuhudie mtu kwa haki, hata tunayetofautiana naye.

Reli ya TAZARA nayo ina funzo. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kuijenga, China ikakubali mwaka 1967. Ni kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba (Waislamu tuizingatie hiyo). Lakini haikuwa sadaka. Sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina, ambazo Tanzania na Zambia zililazimika kuzinunua. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakisaidia kujenga barabara ya kwenda Zambia. Mwalimu hakuona ubaya kuwapokea wote wawili, na katika hilo alikuwa sahihi.

Pale ninapomlaumu ni kwenye uchumi. Uzalishaji ulidorora, vita vya Kagera vya 1978-79 vikamaliza akiba. Alipong'atuka mwaka 1985 alikuwa bado anayapinga masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka uliofuata, serikali ya Rais Mwinyi iliafikiana na shirika hilo, kwa sababu hazina haikuwa na fedha za kigeni za kuagizia hata mahitaji ya kawaida.