Tuwaache watoto waseme wenyewe kuhusu unga

KILA ifikapo Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, shule zetu hupokea wageni. Hutolewa hotuba, hubandikwa bango lenye fuvu la kichwa, watoto hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani wakipita kijiwe kile kile. Mimi ni mwalimu wa kidato cha kwanza na cha pili hapa Dar es Salaam, na swali langu ni hili: mtoto huyo amejifunza nini cha kumsaidia akifika pale kijiweni?

Ndugu zangu Waislamu, njia ya hotuba na vitisho imeshajaribiwa na wenye fedha kuliko sisi. Mwaka 1983 mji wa Los Angeles, Marekani, ulianzisha mpango wa DARE, ambapo polisi waliingia madarasani kufundisha. Ukaenea nchi nzima. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilipitia tafiti zilizokuwapo na kuona kuwa waliofundishwa hawakutofautiana kwa maana na wasiofundishwa katika kutumia dawa hizo. Aidha, kati ya mwaka 1998 na 2004 Bunge hilo lilitenga karibu dola bilioni moja kwa matangazo ya kuwaonya vijana. Tathmini iliyotoka mwaka 2008 haikuona faida.

Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa kinga wa mwaka 2013, unasema hivyo hivyo: kuhutubia tu na kutia hofu hakusaidii. Kinachosaidia ni vipindi vya kushirikishana, kwa kawaida 10 hadi 15, kimoja kila wiki, ambamo mtoto anafanya mazoezi ya kuamua na kukataa.

Je, hilo ni geni kwetu? Hata kidogo. Ulevi haukuharamishwa kwa siku moja. Surat al-Baqara, aya ya 219, inajibu swali la watu waliouliza; inakiri kuwa ndani yake mna manufaa fulani, na inabainisha kuwa madhara yake ni makubwa zaidi. Ikafuata an-Nisaa aya ya 43, ya kutoikaribia sala katika hali ya ulevi, ndipo likaja katazo la moja kwa moja katika al-Maida aya ya 90. Watu waliuliza, wakajibiwa ukweli, wakalelewa kwa hatua.

Basi darasani kwangu huanza na maswali. Kila mwanafunzi huandika lake kwenye karatasi bila jina. Wiki zinazofuata tunayajibu kwa ukweli, bila chumvi. Kisha kila kundi hutunga mchezo wa redio wa dakika tatu au ngonjera, ule ushairi wa kujibizana aliouendeleza marehemu Mathias Mnyampala. Kwa kuwa simu hairuhusiwi kwa wanafunzi, tunarekodi kwa simu ya mwalimu. Gharama yake ni kalamu na karatasi.

Faida huonekana wakati wa kutunga. Mmoja anaigiza mshawishi: "Onja tu, kete moja haiui mtu." Mwenzake anajibu: "Hapana, unga ni haramu." Mshawishi anacheka: "Kwani ile sigara ya juzi ilikuwa halali?" Hapo kimya. Somo linaanzia kwenye kimya hicho. Kwamba ni haramu, mtoto anajua tangu madrasa. Asichokuwa nacho ni neno la kujibu mbele ya rafiki anayemcheka, na njia ya kuondoka pale bila kudharauliwa. Kundi hutafuta jibu la pili, la tatu, mpaka lipatikane linaloweza kweli kusemwa mtaani: "Mimi nakwenda mpirani, anayekuja aje." Atakayelisema mara kumi katika mazoezi, ulimi wake utakuwa umeshazoea siku ya kweli.

Wapo wazazi wanaohofu kuwa tunawafundisha watoto kuvuta. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa. Tuna miiko mitatu. Hatuonyeshi namna dawa inavyotumiwa. Hatutaji jina la mtu yeyote wa mtaani. Na hatumdhihaki teja, kwani huenda kaka yake ameketi dawati la mbele. Mtoto huyo akisikia kaka yake akiitwa maiti inayotembea, atanyamaza, na hatatuambia tena kinachoendelea nyumbani. Badala yake tunamweleza kuwa matibabu yapo: huduma ya methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011. Wengine huhofu muziki. Mchezo wa redio hauhitaji ala yoyote, sauti za watoto zinatosha.

Kazi ikikamilika, tunawaalika wazazi kusikiliza. Baba anayemsikia mwanawe akiigiza ushawishi wa kijiweni hupata la kuzungumza naye usiku ule, na mazungumzo hayo nayo ni kinga.

Nawaomba walimu wa madrasa na kamati za misikiti walijaribu jambo hili, kipindi kimoja kwa wiki, kwa muhula mmoja. Wauza unga wanazungumza na watoto wetu kila siku, kwa lugha ya watoto. Je, sisi tutaendelea kuwahutubia mara moja kwa mwaka?

Wabillahi tawfiq.