Sifa Pambanuzi za ext2, ext3 na ext4 katika Majaribio ya Mifumo Endeshi

Mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kufunza Garissa huifahamu vyema jozi ya maneno pata na bata. Fonimu /p/ haimo katika Kisomali, na kwa hiyo mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiswahili katika mtaa wa Iftin huenda akayatamka maneno hayo kwa namna moja. Vitamkwa hivyo vyote ni vipasuo vya midomo. Kinachovitenga ni sifa moja tu, yaani ughuna. Makala haya yanaangalia tatizo la aina hiyo hiyo mahali ambapo wanaisimu hawana mazoea ya kupatazama: ndani ya diski ya kompyuta.

Mfumo wa faili ni utaratibu ambao kwao mfumo endeshi huzipanga faili katika diski na kuzipata tena. Katika Linux kuna ukoo mmoja wenye vizazi vitatu vinavyofanana mno. Ext2 ilitoka mwaka 1993, ext3 ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2001, na ext4 ikatangazwa kuwa imara mwaka 2008. Kila mfumo wa faili hujitambulisha kwa nambari maalumu iliyoandikwa mahali pasipobadilika. Kwa vizazi hivi vitatu, nambari hiyo ni 0xEF53, nayo imo katika baiti ya 1080 na ya 1081 kutoka mwanzo wa sehemu ya diski. Ni nambari moja kwa zote. Programu ya majaribio inayoiuliza Linux aina ya mfumo wa faili kwa njia ya nambari hiyo hujibiwa jambo lile lile mara tatu, sawa na sikio lisilousikia ughuna.

Kuna anayeweza kudai kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Si ndogo hata kidogo kwa mtu wa Garissa, mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli. Umeme ukikatika ghafla wakati faili inaandikwa, ext2 hulazimika kukaguliwa diski nzima, na kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua muda mrefu. Ext3 ina shajara: mabadiliko huandikwa humo kwanza, na umeme unaporudi, kinachosomwa ni shajara peke yake. (Istilahi shajara inafaa kuliko jarida. Jarida ni la kusomwa na wengi. Shajara ni ya kuandikia tukio kabla halijasahaulika.) Jaribio la kupima iwapo mfumo endeshi unainuka salama baada ya umeme kukatika likiendeshwa juu ya ext2 kwa kudhani ni ext3, litalaumu kiini kisicho na kosa. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi. Maabara ya shule itaambiwa kwamba kazi za wanafunzi zina kinga, kumbe hazina.

Basi mjaribishaji afanye kama afanyavyo mwanafonolojia, aulize sifa. Bloku kuu ya mfumo wa faili ina orodha ya sifa zilizowashwa. Ext2 haina shajara. Ext3 ina shajara, lakini haina mafungu mfululizo, ule mtindo wa kurekodi kipande kirefu cha faili kwa mwanzo na urefu wake badala ya kuhesabu bloku mojamoja. Ext4 kwa kawaida ina vyote viwili. Neno kwa kawaida lizingatiwe, maana ext4 inaweza kuundwa bila shajara, na anayehitimisha kwamba kila kisicho na shajara ni ext2 atakosea. Programu ya blkid hupima sifa hizi kwa pamoja kabla ya kutaja jina.

Orodha ya diski zilizopachikwa nayo haiaminiki sana. Diski ya ext3 ikipachikwa kwa jina la ext4, orodha husema ext4. Tangu mwaka 2015, msimbo wa pekee wa ext3 ulipoondolewa katika kiini, msimbo wa ext4 ndio unaoihudumia. Orodha hutaja jina lililotumika kupachika. Kilichoandikwa diskini ni jambo jingine. Aidha, ext3 inaweza kugeuzwa kuwa ext4 kwa kuwasha sifa ya mafungu, ilhali faili za zamani zinabaki katika mpangilio wa bloku mojamoja. Jaribio la mafungu likitumia faili hizo halipimi kitu.

Kuna nyakati ambapo hata jina sahihi halitoshi. Ext4 yenye ainodi za baiti 128 itaishiwa na tarehe Januari 2038, sawa na ext2, ilhali ile ya baiti 256 inahesabu hadi mwaka 2446. Jaribio la tarehe linapaswa kusoma ukubwa wa ainodi katika bloku kuu, na kisha kuunda faili yenye tarehe ya 2040 ili ionekane ikirudi jinsi ilivyoandikwa.