Kufuta Michoro ya Watoto Ukutani: Somo la Viyeyushi

Katika nyumba za Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga, mtoto hahitaji karatasi ili achore. Kipande cha mkaa hupatikana kando ya jiko, kipande cha chaki hutoka shuleni mfukoni mwa kaka yake, na ukuta uliopakwa chokaa uko tayari. Taabu huanza siku familia inapokusudia kuhama chumba cha kupanga na mwenye nyumba akaja kukikagua. Kitambaa chenye maji hupitishwa juu ya mchoro. Chaki hutoka mara moja. Mkaa husambaa ukawa wingu kubwa kuliko mchoro wenyewe. Krayoni haitikisiki kabisa. Maji ni yale yale, na ukuta ni ule ule. Kwa nini basi matokeo yatofautiane?

Kabla ya kujibu, ifaa kukumbuka kwamba kuchora ukutani si utundu wa watoto peke yao huko Usukumani. Chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka, kilikuwa na desturi ya kupamba kwa picha kuta za nyumba walimofundishwa wanachama wapya. Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Huenda mzazi mwenye nyumba yake mwenyewe akaona vema kuuacha mchoro mmoja mahali pake.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni ukuta, wala si doa. Chokaa iliyozimwa kwa maji ni hidroksidi ya kalsiamu, Ca(OH)2. Ikishapakwa, hunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa kabonati ya kalsiamu, CaCO3, iliyo ngumu kiasi na yenye vinyweleo vingi. Kwa sababu hiyo limau na siki havifai juu ya ukuta wa chokaa: asidi huila kabonati, povu la kaboni dioksidi likatoka, na doa huondoka pamoja na ukuta wake. Rangi ya mafuta, kwa upande wake, hufanya utando usiopitisha maji, nayo hustahimili kusuguliwa kwa sabuni.

Baada ya ukuta ndipo huja doa. Kanuni iongozayo ni kwamba kitu huyeyuka katika kimiminika chenye asili inayofanana nacho. Krayoni hutengenezwa kwa nta na unga wa rangi. Nta ni jamii ya mafuta, na maji hayapatani na mafuta. Ndiyo maana kitambaa chenye maji huteleza tu juu yake. Nta hiyo huyeyuka kwa joto la wastani, lililo chini sana ya joto la maji yachemkayo. Hukwanguliwa kwanza kwa ukingo butu wa kijiko, kisha karatasi inyonyayo huwekwa juu yake na pasi yenye uvuguvugu ikapitishwa. Sehemu kubwa ya nta hupanda katika karatasi. Wino wa kalamu ya bolpeni ni rangi iliyomo katika vimiminika vizito vya jamii ya alkoholi, hivyo spiriti huulainisha. Pamba yenye spiriti hugusishwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, bila kusugua, na baada ya kujaribiwa pembeni pasipoonekana, kwani spiriti hulainisha pia baadhi ya rangi za maji.

Mkaa ni habari nyingine. Kaboni haiyeyuki katika maji, spiriti wala mafuta. Haifai kutafuta kiyeyushi. Chembe zake hazina budi kuinuliwa zikiwa kavu. Brashi laini hutangulia, kisha tonge la mkate mkavu au raba. Kabla raba haijajulikana Ulaya, wachoraji walifuta kwa mkate. Joseph Priestley wa Uingereza ndiye aliyeandika mwaka 1770 juu ya utomvu wa mpira unaofuta penseli. Yanayosalia hufunikwa kwa chokaa mpya. Lakini chokaa haishiki juu ya nta, na wino huweza kupenya rangi mpya ukajitokeza tena. Madoa hayo mawili lazima yaondolewe kwanza.

Stika zina gundi ya molekuli ndefu, ambayo hulegea kwa joto. Kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto na kukamuliwa hubandikwa juu yake kwa dakika chache, kisha stika huvutwa polepole, sambamba na ukuta. Juu ya rangi ya mafuta, mabaki ya gundi hutolewa kwa mafuta ya mbegu za pamba na kuoshwa kwa sabuni. Juu ya chokaa mafuta hayafai, kwa kuwa hunyonywa na kuacha doa la kudumu. Karatasi iliyobandikwa kwa uji ni rahisi kuliko zote: maji ya uvuguvugu hulainisha wanga wake.

Wengi hukimbilia mafuta ya taa, nayo huyeyusha nta kweli. Hata hivyo mafuta hayo huwekwa mara nyingi katika chupa ya soda, na mtoto yule yule mchoraji huyanywa. Kwa wepesi wake hupenya mapafuni na kuleta ugonjwa wa hatari. Mtoto wa namna hiyo asitapishwe, kwani kutapika huyapitisha tena karibu na mapafu. Apelekwe hospitali upesi. Tena yasitumiwe karibu na jiko lenye moto. Jiki nayo isichanganywe na limau wala siki, maana hutoa gesi ya klorini. Rangi ya mafuta ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu: huenda ina risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Darasani, mwalimu aweza kugawa vipande vya tofali vilivyopakwa chokaa, kila kimoja kikiwa na alama ya mkaa, chaki, krayoni na bolpeni. Kundi moja lijaribu maji, jingine sabuni, jingine spiriti, la mwisho mkate. Madirisha yafunguliwe, na pasiwe na moto. Wanafunzi waandike utabiri wao kabla ya kugusa kitambaa, kisha waeleze kwa nini spiriti iliyoondoa wino haikuweza kuuyeyusha mkaa ulio kando yake.