Samaki wa Dhahabu Uwani: Anayefuga Samaki Hufuga Maji Kwanza



Katika masomo ya ukurasa huu, leo tunazungumzia ufugaji wa samaki wa dhahabu katika kidimbwi kidogo cha uwani. Huenda wapo watakaoliona jambo hili kuwa ni la anasa, lisilostahiki nafasi katika ukurasa wa Serikali. Hata hivyo, kidimbwi kikitunzwa huwa ni pambo la nyumba na mtego wa viluwiluwi vya mbu. Kikipuuzwa huwa ni kaburi la samaki, mazalio ya mbu na hatari kwa watoto. Kwa hivyo, linalomhusu mwenye nyumba linamhusu na jirani yake.

Aidha, kiumbe aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Wengi wetu tulifundishwa chuoni ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayomtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie mwenyewe. Samaki wa kidimbwini hali yake ni kama ya paka yule. Maji aliyotiwa ndiyo dunia yake yote, na mwenye dhamana ya maji hayo ni yule aliyemtia.

ASILI YA SAMAKI HUYU

Samaki wa dhahabu asili yake ni China. Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakiwachagua na kuwazalisha wale waliotokea na rangi nyekundu au ya dhahabu miongoni mwa wenzao wa rangi ya kijivu. Baadaye alipelekwa Japani, na katika karne ya 17 akafika Ulaya. Ni samaki apendaye maji yasiyo na joto kali. Katika visiwa vyetu huweza kuishi vizuri, lakini kwa masharti. Akitunzwa ipasavyo huishi zaidi ya miaka 10 na kufikia urefu wa sentimita 20 au zaidi. Kwa hivyo si wa kuwekwa katika bakuli la kioo mezani.

KWA NINI HUFA WIKI ZA MWANZO

Mara nyingi mambo huenda hivi: mtu hujenga kidimbwi, hukijaza maji siku ya pili, na siku ya tatu hutia samaki kumi. Wiki ya kwanza hupita kwa furaha. Wiki ya pili samaki huanza kufa mmoja mmoja, na mwenyewe hutafuta dawa ya maradhi au humlaumu aliyemuuzia. Aghalabu hapakuwa na maradhi yoyote. Samaki wameuawa na taka zao wenyewe.

Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutokea mashavuni anapopumua. Amonia ni sumu. Katika kidimbwi kilichokwisha kukomaa, bakteria wanaoishi katika utelezi wa mawe, kuta na chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, na mimea huitumia kuwa mbolea. Bakteria hao huja wenyewe, lakini huhitaji muda wa wiki nne hadi sita ili waenee vya kutosha.

Hapa petu lipo jambo la kuzingatia zaidi. Visiwa vyetu vimesimama juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji ya visima vingi ni magumu; dalili yake ni sabuni kutotoa povu kwa urahisi. Maji ya namna hiyo huwa na hali ya alkali, na kadiri alkali na joto vinavyozidi ndivyo sumu ya amonia inavyokuwa kali. Kiasi cha taka ambacho samaki wa nchi ya baridi angekistahamili, hapa chaweza kumuua.

Hivyo basi, mfugaji aanze na samaki wawili tu, awalishe kidogo, na asiongeze wengine mpaka wiki sita zipite. Akiweza kupata jiwe au kipande cha chujio kutoka katika kidimbwi kikongwe kisicho na maradhi, akitie chake; atakuwa ameazima bakteria.

UJENZI NA HESABU YAKE

Kina kisipungue sentimita 60, kwani maji ya kina kifupi hupata moto upesi. Ukingo uinuliwe shubiri moja juu ya ardhi, ili mvua za masika zisiingize matope na uchafu wa uwani. Nusu ya kidimbwi ipate kivuli cha makuti au cha mayungiyungi. Kivuli cha mti chafaa, ila majani yanayoanguka yaondolewe kila siku kwa sababu yakioza huchafua maji.

Saruji mpya hutoa chokaa inayodhuru. Kidimbwi kijazwe maji, kiachwe wiki moja, kimwagwe, na kazi hiyo irudiwe mara tatu kabla ya kutia samaki.

Kila mfugaji aijue hesabu ya kidimbwi chake. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Kwa mfano, kidimbwi cha mita 2 kwa mita 1.5 kwa mita 0.6 kina lita 1,800. Kadiria lita 200 kwa kila samaki. Kidimbwi hicho kinatosha samaki 9.

Wengine watasema kuwa pampu huwezesha kufuga zaidi. Ni kweli, lakini pampu huendeshwa kwa umeme. Tusisahau kwamba tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme kwa muda wa miezi mitatu. Samaki wafugwe kwa idadi ambayo maji yenyewe yanaweza kuibeba hata pampu ikisimama.

HEWA NDANI YA MAJI

Lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 za Sentigredi hushika oksijeni kiasi cha miligramu 9. Maji hayo yakifika nyuzi joto 30, hushika kiasi cha miligramu 7.5 tu, wakati ambapo mahitaji ya samaki yameongezeka. Mimea na miani ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huitumia kama samaki wanavyoitumia. Ndiyo maana saa ya hatari ni alfajiri, hasa katika miezi ya kaskazi.

Mwenye kidimbwi akikague baada ya sala ya Alfajiri. Akiwaona samaki wamepanda juu wakitweta, achote maji ya kidimbwi kwa ndoo na kuyamimina kutoka juu, mara nyingi, ili yachanganyike na hewa. Kisha abadilishe robo ya maji, na siku hiyo asiwalishe.

KAZI ZA KILA WIKI

1. Maji. Sehemu moja ya tano ibadilishwe kila wiki. Kwa kidimbwi cha lita 1,800 ni lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Maji yanayotolewa ni mbolea nzuri kwa migomba na mboga. Kuongeza tu yale yaliyokaushwa na jua hakutoshi, kwani maji hupaa na taka hubaki.

2. Klorini. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi katika pipa kwa saa 24 kabla ya kutumika. Yasikae zaidi ya siku mbili, mbu wasije wakataga humo.

3. Chujio. Lioshwe kwa maji yaliyotolewa kidimbwini. Likioshwa kwa maji ya klorini, bakteria hufa na kazi ya wiki sita hupotea.

4. Chakula. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Kinachoingia hupita moja kwa moja utumboni. Apewe kidogo mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika katika dakika mbili au tatu. Mkate, wali na ugali visitupwe majini. Anayesafiri kwa siku chache asiwe na wasiwasi: samaki mzima hustahamili, na jirani mwenye huruma ya kupita kiasi huwa ni hatari zaidi kuliko njaa.

5. Wageni. Samaki mpya atengwe katika chombo chake kwa wiki tatu. Akiwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, au akijisugua ukutani, asichanganywe na wenzake.

MBU, WATOTO NA MAJI YA WATU

Katika nyumba na misikiti ya kale ya Lamu, samaki wadogo walikuwa wakiwekwa ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Samaki wa dhahabu naye hula viluwiluwi, lakini akishiba mno huviacha, na mimea ikisongamana ukingoni havifikii. Kidimbwi kilichofiwa na samaki wake kisiachwe na maji hata wiki moja, kwani kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya siku saba hadi kumi.

Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina kifupi kuliko sentimita 60. Kidimbwi kiwekewe wavu wa chuma imara au uzio wenye mlango. Wavu huo utamzuia pia kunguru na paka.

Mwisho, samaki asiyehitajika asitupwe katika kisima, pango la maji wala bwawa. Hukua, hutibua tope na huweza kupeleka maradhi kwa viumbe wa asili wa mahali hapo. Apewe mfugaji mwingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kidimbwi cha mita 2 kwa mita 1 kwa mita 0.6 kina lita ngapi, na kinatosha samaki wangapi?
2. Kwa nini samaki hukosa hewa zaidi alfajiri kuliko adhuhuri?
3. Jirani yako amejaza kidimbwi juzi na leo ameleta samaki kumi. Utamshauri nini?

Jibu la swali la kwanza ni lita 1,200 na samaki 6. La tatu usilichelewe: mwendee leo, kwani wiki ya pili samaki wake wataanza kufa.